Nywele za Bandia na Kosa la Kigego

Yako maovu ambayo watu huyaogopa kwa sababu ni makubwa, na yako mengine ambayo watu huyapenda kwa sababu yanaonekana madogo. Miongoni mwa haya ya pili ni mazoea ya kukaa na kukisia ni nani kati ya watu mashuhuri avaaye nywele za bandia, na ni nani afichaye kipara chini ya kofia, kilemba au rangi nyeusi. Waimbaji, waigizaji, watangazaji, wabunge na wahubiri, hapana aliyesalimika. Picha huletwa, paji la uso hupimwa, mstari wa nywele hulinganishwa na ule wa mwaka uliopita, kisha hukumu hutolewa. Wafanyao hivyo hujiona wachunguzi hodari, na wasikilizao hucheka. Lakini kazi hiyo si uchunguzi, wala si mzaha. Ni kosa la zamani lililobadili nguo, na jina lake la asili linajulikana vema katika nchi ya Usambara.

Katika milima hiyo, wilayani Lushoto, kwenye njia iendayo Mtae, kipo kijiji cha Rangwi. Baridi ya huko na ukungu wake haziruhusu kichwa kutembea wazi kwa muda mrefu. Wanawake hujifunga vitambaa na mitandio, wazee wa Kiislamu huvaa kofia zao, watoto huvikwa kofia za sufi, na masista wa nyumba ya kitawa iliyopo hapo hufunika vichwa vyao kwa shela. Hapana mtu aulizaye kilichomo chini ya vifuniko hivyo. Mgeni atakayemsimamisha sista njiani na kumwuliza kama nywele zake zimepungua, au atakayemvua mzee kofia ili ahakikishe ukubwa wa upara wake, atahesabiwa kuwa mwenda wazimu, na huenda asiondoke salama. Sitara ya kichwa ni haki ya mwenye kichwa. Hapo kanuni ni nyepesi, na kila mtu anaijua bila ya kufundishwa.

Ajabu ni kwamba mtu yuleyule aliyelelewa katika adabu hiyo, akishika simu yake na kuona picha ya mwimbaji wa Dar es Salaam, huisahau kanuni yote mara moja. Mwimbaji yule hakumkosea, wala hajapata kuonana naye. Lakini hugeuka mali ya umma, kama mbuzi wa mnadani anayefunuliwa midomo ili meno yake yahesabiwe. Jirani ana mama, ana kaka, na ana uso unaoweza kuona haya mbele ya mwenye kusema. Mtu mashuhuri hudhaniwa hana hata kimoja katika hivyo. Tofauti hii haitokani na hoja yoyote. Inatokana na umbali tu, na umbali haujapata kuwa sababu ya kuhalalisha utovu wa adabu.

Sasa turejee kwenye jina la kosa lenyewe. Katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, msomaji hukutana na Mbega, mwindaji wa nchi ya Ngulu, ambaye meno yake ya juu yaliota kabla ya yale ya chini. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na kigego alihesabiwa kuwa mkosi kwa jamaa zake. Mbega alipokuwa mtu mzima, ndugu zake walimkatalia urithi na kumtwisha lawama za misiba yao. Meno yake hayakuwa yameiba, wala hayakuwa yameua. Yalitangulia tu mahali ambapo meno ya wengine huchelewa. Hata hivyo yalitosha kuwa shahidi, mwendesha mashtaka na hakimu kwa wakati mmoja.

Mbega akahama na mbwa wake, akafika Usambara. Huko aliwinda nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama, akaamua kesi za watu, akaua simba, na watu wakamfanya mfalme wao. Kizazi chake kilitawala kutoka Vuga, na miongoni mwao alitoka Kimweri wa Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, ambaye sifa zake zilifika pwani. Katika masimulizi hayo zimo mizani mbili za kumpimia mtu mmoja. Ndugu walitazama ufizi wake wakapata mkosi. Wasambaa walitazama matendo yake wakapata mfalme. Hata kama msomi atasema kwamba sehemu ya habari hizo ni hadithi, mafunzo yake hayapungui, kwa kuwa watu waliozihifadhi walijua walichokuwa wakikihifadhi.

Kosa la kigego lina hatua tatu. Kwanza huonekana alama katika mwili wa mtu. Pili hudaiwa kwamba alama hiyo inafichua siri. Tatu siri hiyo, ambayo haikuthibitishwa, hutumiwa kumhukumu mtu mzima, utu wake na thamani yake. Mkisiaji wa nywele hupita hatua hizohizo bila ya kuruka hata moja. Huona paji la uso pana, hutangaza kuwa pana kitu kinafichwa, kisha humwita mwenye uso huo mwongo, mzee, mgonjwa au mwenye kujikana. Lau wale jamaa wa Ngulu wangalifufuka leo wakapewa picha za waimbaji, wasingehitaji kufundishwa kazi.

Pengine atatokea mtu aseme kwamba kulinganisha hivi ni kukuza mambo, kwa kuwa ndugu wa Mbega walimnyima urithi na mkisiaji hamnyimi mtu kitu. Jibu lake limo katika historia iliyo karibu. Katika nchi ya Usukuma wanawake vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi uliotumika mara nyingi ulikuwa macho mekundu, macho ambayo yalichomwa na moshi wa kuni wa miaka mingi jikoni. Mwezi wa Juni 2017, katika wilaya ya Milange, jimbo la Zambezia, polisi wa Msumbiji walitangaza kwamba wanaume wenye vipara walikuwa wameuawa kwa sababu ya imani kwamba kichwa cha mwenye upara kina dhahabu ndani. Haya hayakutendeka katika sayari nyingine. Msumbiji ni jirani, na Usukuma ni nyumbani.

Haisemwi hapa kwamba kila acheke kipara cha mwigizaji ni mwuaji. Asemaye hivyo atakuwa amevunja insafu. Kinachosemwa ni kwamba mwuaji yule na mchekaji huyu wamejifunza kusoma katika darasa moja, na somo lao ni kwamba mwili wa mtu mwingine ni barua iliyoachwa wazi kwa ajili yao. Mmoja alimaliza darasa hilo na mwingine aliishia njiani. Jamii yenye busara haingoji mwanafunzi amalize ndipo ilifunge.

Yafaa pia kupima elimu ambayo mkisiaji hujivunia. Kichwa cha mtu huwa na nywele zipatazo 100,000, na mtu mwenye afya hupoteza baina ya 50 na 100 kwa siku bila ya kujua. Nywele hupungua kwa urithi wa damu, kwa uzazi, kwa homa kali, kwa upungufu wa damu na kwa mapunye. Yako maradhi ambayo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia mashina ya nywele, kichwa kikabaki na mabaka matupu au kikawa wazi chote. Dawa za saratani huanza kuangusha nywele za wagonjwa wengi majuma mawili au matatu baada ya tiba kuanza, na watokao katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wanalijua jambo hilo kuliko mwandishi yeyote. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, madaktari hufundishwa miaka kadhaa ili waweze kutenganisha maradhi hayo, na hata wao hukiinamia kichwa, hukigusa, humwuliza mgonjwa, na mara nyingine hukata kipande cha ngozi kwenda kukipima. Mkisiaji hutaka picha moja tu.

Matokeo ya elimu hiyo ya picha moja yamekwisha kuonekana. Mwezi wa Aprili 2020 mwigizaji wa Marekani Chadwick Boseman, aliyejulikana Afrika nzima kwa filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, alionekana amekonda. Watu wengi walimcheka na kukisia sababu. Tarehe 28 Agosti mwaka huohuo alifariki kwa saratani ya utumbo mpana, maradhi aliyokuwa nayo tangu 2016 na ambayo alifanya kazi nayo kimya. Tarehe 27 Machi 2022, mbele ya ulimwengu, mchekeshaji Chris Rock alikifanyia mzaha kichwa kilichonyolewa cha Jada Pinkett Smith, mwanamke ambaye tangu 2018 alikuwa amesema hadharani kwamba nywele zake zinapukutika. Mumewe akapanda jukwaani akampiga kofi mchekeshaji. Majuma mengi yalipita watu wakijadili kofi, na kofi lilikuwa kosa. Lakini ni wachache waliotulia kuujadili mzaha, kana kwamba kichwa cha mwanamke mgonjwa ni uwanja usio na mwenyewe.

Na hapa hapana budi kusema jambo ambalo wakisiaji hawapendi kulisikia: mchezo wao huwaangukia wanawake zaidi. Mwanamume mwenye upara katika Afrika ya Mashariki hudhaniwa kuwa na busara au fedha, na mara nyingi vyote viwili. Mwanamke mwenye upara huhurumiwa au huchekwa. Msichana wa Rangwi asomaye shule ya serikali hukatwa nywele zake fupi miaka yote ya masomo, na hapana aonaye kuwa amepungukiwa. Akimaliza shule huambiwa na matangazo, na nyimbo, na wachumba, kwamba uzuri ni nywele ndefu. Ili azipate husukwa kwa kukazwa au hushonewa nyingine juu ya zake, na kukazwa huko, kukiendelea miaka, hung'oa nywele za pembeni mwa paji la uso na huweza kuua mashina yake kabisa. Akishang'oka huvaa za bandia. Akishavaa za bandia huitwa mwongo. Jamii imemdai nywele, ikamharibia alizokuwa nazo, kisha ikamshtaki kwa kutafuta badala yake. Katika mashauri ya namna hii mshtaki ndiye apasaye kusimama kizimbani.

Yapo matetezi manne ambayo wakisiaji huyategemea, na kila moja lastahili jibu lake.

La kwanza ni kwamba avaaye nywele za bandia anadanganya, na ni wajibu wa watu kufichua uwongo. Tetezi hili linachanganya sitara na udanganyifu. Nguo inaficha mwili, wala hapana aiitaye nguo uwongo. Majaji wa Uingereza walianza kuvaa nywele za bandia katika karne ya 17, na mahakama za kikoloni zikazileta mpaka Afrika ya Mashariki. Nchini Kenya zilivaliwa hata Jaji Mkuu Willy Mutunga alipoziacha mwaka 2011. Miaka yote hiyo, hapana mshtakiwa aliyesimama akadai kuwa hukumu ni batili kwa kuwa nywele za jaji ni za farasi. Kitu kimoja kikiwa juu ya kichwa cha jaji kiliitwa heshima, na kikiwa juu ya kichwa cha mwimbaji kinaitwa ulaghai. Basi si nywele zinazochukiwa, ni yule anayezivaa. Ikiwa mtu anauza mafuta ya kuotesha nywele na kukitumia kichwa chake kuwa ushahidi, hapo wanunuzi wana haki ya kuuliza. Lakini waulize juu ya mafuta: yana nini, yamepimwa na nani, na yamemfaa nani. Swali la haki hulenga bidhaa.

Tetezi la pili ni la utamaduni. Husemwa kwamba nywele za bandia ni utumwa wa fikira, na kwamba kuwataja wazivaao ni kuwaita warudi nyumbani. Hoja hii ina ukongwe wake. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo kuanzia tarehe 1 Januari 1969 ilikusudia kupiga marufuku nywele za bandia, sketi fupi, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, makundi ya vijana yaliwashambulia wanawake katika mitaa ya Kariakoo kwa sababu ya mavazi yao, mpaka polisi wakaingilia. Katika miaka hiyohiyo, huko Umasaini, serikali ilikuwa ikiwataka Wamasai waache lubega, udongo mwekundu na nywele zao za kusuka, wavae suruali. Mwanamke wa mjini aliambiwa kichwa chake ni cha kigeni mno, na Mmasai akaambiwa chake ni cha kienyeji mno. Mwenye kuamua alikuwa mmoja, naye alivaa suruali na shati za Ulaya.

Mjadala juu ya urembo na ukoloni ni mjadala halali, na wanafunzi wanaufanya vema wakiufanya. Lakini huo ni mjadala wa fikira, na fikira hujadiliwa kwa fikira. Tena haufai kujengwa juu ya historia pungufu, kwa maana Wamisri wa kale, katika bara hilihili, walivaa nywele za bandia zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita. Uganda nayo ilipitia njia hiyo mwaka 1974, Idi Amin alipozipiga marufuku, na hapana asemaye leo kwamba utamaduni wa Waganda uliokolewa siku ile. Tanzania yenyewe, miaka 50 baada ya Operesheni Vijana, ilibadili lugha. Katika bajeti ya 2019/20 Waziri wa Fedha, Dkt. Philip Mpango, alipendekeza ushuru wa asilimia 10 kwa nywele za bandia zitengenezwazo nchini, na asilimia 25 kwa zile ziagizwazo kutoka nje. Kilichokuwa hatia kikawa pato. Kichwa cha mwanamke kikabaki palepale, kikiamuliwa na wengine.

Tetezi la tatu ni kwamba huu ni utani tu. Hapa lugha yenyewe yatoa ushahidi. Utani ni taasisi yenye sheria zake. Msambaa na mtani wake wanajuana, wanaonana, kila mmoja ana haki ya kujibu, na aliyemtania mwenziwe leo ndiye atakayemsaidia msibani kesho. Utani usio na uso, usio na jibu na usio na msaada wa msibani si utani. Kiswahili kina maneno yake: umbea, usengenyaji, kuteta. Aliyeyachagua mazoea hayo na achague na jina lake pia, asiazime jina la heshima la wazee ili apambe kazi yake.

Tetezi la nne limejificha katika methali. Husemwa, mficha uchi hazai. Kwa hiyo na wajitokeze wenye vipara, waache kujificha. Methali ni ya kweli, na matumizi yake hapa ni ya uwongo. Mzazi hujifunua kwa mkunga, na mgonjwa kwa mganga, yaani kwa yule awezaye kumsaidia, mahali pa faragha, kwa hiari yake. Methali haikumwamuru mtu yeyote ajifunue sokoni, wala haikumpa mpita njia ruhusa ya kumfunua. Mwaka 2020 mbunge wa Marekani Ayanna Pressley aliamua mwenyewe kuvua nywele za bandia mbele ya watu na kueleza maradhi yaliyomwacha bila ya unywele mmoja, na wengi wenye maradhi hayo walipata nguvu kwa maneno yake. Nguvu hiyo ilitoka katika kuamua kwake. Lau angalifichuliwa na wengine siku moja kabla, maneno yaleyale yangalikuwa utetezi wa mshtakiwa.

Baada ya kujibu hayo, linabaki swali liwahusulo hasa watu wa chuo na fasihi. Wasomi hupewa miaka ya kujifunza kutofautisha dhana na ushahidi, na kuihukumu kazi kwa kazi. Siti binti Saad, aliyefariki Unguja mwaka 1950, alichekwa katika siku zake kwa asili yake ya shamba na umaskini wa mavazi aliyokuja nayo mjini. Yeye akaimba, na mwaka 1928 akasafiri kwenda Bombay sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Aliandika habari za mtu na kazi yake. Waliomcheka hawana wasifu.

Kila saa inayotumika kupima paji la uso la mwimbaji ni saa iliyoibwa kutoka katika kuupima wimbo wake. Huenda wimbo huo ni dhaifu, mashairi yake yamekosa maana, na sauti yake imekopwa. Hayo yasemwe, tena kwa ukali, kwa kuwa mwimbaji aliyatoa hadharani ili yasikilizwe na kuamuliwa. Mwigizaji aulizwe juu ya uigizaji wake, mbunge juu ya kura yake, mhubiri juu ya mahubiri na sadaka. Watu mashuhuri wana mengi ya kujibu, na wengi wao hufurahi mno waulizwapo juu ya nywele, maana ndilo swali pekee ambalo halina hatari kwao kazini.

Ndugu wa Mbega walitazama meno yake wakashindwa kumwona mtu aliyekuwa mbele yao, wakampoteza. Wanafunzi wanaosoma habari zake leo wana fursa ambayo jamaa wale hawakuwa nayo, yaani kuliona kosa hilo likiwa limeandikwa, na kulikataa likiwajia na sura nyingine. Atakayeletewa picha akaulizwa kama nywele zile ni za kweli, na ajibu kwamba swali hilo halina mwenye haki ya kuliuliza ila mwenye kichwa na daktari wake.